Neno Lililomkwama Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Nilikata simu mwenyewe. Usiseme mtandao ulisumbua, maana najua unavyopenda kunitafutia visingizio ili baadaye unisamehe mbele za watu. Nilikata kwa kidole changu. Mtu hawezi kuambiwa "ukimya wako ndio uliomkausha Mama ulimi" halafu akaendelea kushika simu kama kaambiwa habari za hali ya hewa.

Baba, Mungu amrehemu, alituwekea sheria tangu tukigombania kitana: mkikasirikiana msiseme, andikeni, mlale, asubuhi msome tena ndipo mtoe. Basi mimi narudi kwenye sheria ya Baba. Usipige mpaka tuwe watu tena. Andika.

Habari za Mama ni hizi. Ametoka hospitali. Mkono na mguu wa kulia ni vizito, lakini anakaa kitini tukimwekea mito. Chakula laini kinapita vizuri. Hasemi. Daktari anasema kiharusi kimegusa mahali kichwani panapotunza maneno; anaelewa karibu kila kitu, ila kutoa ndiyo kazi. Kila Jumanne atakuja mtaalamu wa matamshi, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Nimehamishia cherehani chumbani kwa Mama ili nishone huku namwona.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, na usije. Una kazi yako ya kuwapa pole wateja wa umeme. Ukiondoka, taa zikizimika nani atawabembeleza?

Dada yako

Alhamisi, 7 Machi

Dada, shikamoo.

Haya, tuandike. Barua hii nimelala nayo kama alivyotaka Baba, na asubuhi nimefuta nusu yake. Lile neno la ulimi kukauka nalifuta pia, kama la mdomoni linafutika.

Ila na wewe hukuniacha hivihivi. Ulisema nauza pole. Ni kweli, nauza. Tangu asubuhi nimevaa hedifoni, watu nisiowajua wananitukana kwa sababu friji imezima, nami najibu "pole mzee wangu, nakuelewa". Na wanatulia! Juzi nimemtuliza mtu mzima aliyekuwa analia kwa ajili ya nyama iliyooza. Halafu mama yangu mzazi nakatazwa kumwambia hata "umeamkaje".

Nina wivu, Dada, sitaki kuupamba. Wewe unamwona akifumbua macho. Unajua leo kavaa gauni gani. Mimi ninamjua kwa kusimuliwa, tena na wewe, ambaye maneno unayatoa kama mtu anayetoa mboni ya jicho.

Mwekee simu sikioni dakika mbili tu. Nitamwambia, "Ni mimi, Kiroboto wako." Tangu utotoni aliponiita hivyo kwa kurukaruka kwangu, sijawahi kumsikia akilitamka bila kucheka kidogo mwishoni. Na niambie ukweli: hajasema kitu kabisa? Hata kuguna? Hata jina la mtu?

Mdogo wako

Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu hapana. Mtaalamu anasema sauti bila sura zinamchanganya mgonjwa. (Hakusema hivyo. Alisema kelele nyingi zinamchanganya. Nimefuta, nimerudisha, basi nakuachia uone.)

Huyo mtaalamu sisi tumemwita Sema Tena, maana ndilo neno lake. Kazi yake inachekesha kidogo. Anamwanzia Mama methali, anamwachia aimalizie. "Haraka haraka…" anasema, anainamisha kichwa, na Mama, ambaye hawezi kuomba maji, anajibu wazi kabisa: "haina baraka." Nilidondosha mkasi. Sema Tena anasema yale yaliyokaririwa tangu zamani yamehifadhiwa mahali pengine kichwani, hayaharibiki upesi. Ya mtu mwenyewe, ya kusema anachotaka sasa hivi, ndiyo yaliyofungiwa.

Basi nami najaribu. "Mgeni siku mbili…" Anamalizia, "ya tatu mpe jembe," na kunitazama kama mimi ndiye mgeni. "Asiyefunzwa na mamaye…" Hiyo alimalizia kwa nguvu sana. Sitaianza tena.

Sema Tena kanigombeza. Kaniona nashona na pini mdomoni, kama navyoshona miaka yote, akaniuliza: "Wewe unakaa na mgonjwa wa maneno kutwa nzima umebana midomo hivyo? Atasikia nini?" Kumbe nilidhani kukaa naye kunatosha. Sasa pini nazichomeka kwenye mto mdogo nilioufunga mkononi, naongea. Namwambia bei ya uzi. Namwambia nani kanenepa. Usifurahi, sijasema ulikuwa na haki.

Zaidi ya methali, hakuna. Hajataja jina la mtu yeyote.

Dada yako

Jumapili, 17 Machi

Dada,

Nimempigia Mama Pacha, jirani. Sheria ya Baba ilihusu sisi wawili, haikumhusu yeye.

Ameniambia aliwaletea unga wa kuua wadudu. Nikamuuliza wadudu gani. Akasema, "Si viroboto? Kila nikipita dirishani namsikia mama yenu akilalamika, 'kiroboto, kiroboto', nikasema masikini mgonjwa analiwa." Nilicheka, Dada. Nilicheka halafu nikakaa chini sakafuni kazini, hedifoni shingoni, mpaka mwenzangu akaja kuuliza nani amefariki.

Mama ananiita. Ananiita mchana kutwa, kwa jina langu, na wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba hajataja jina la mtu yeyote. Umesoma asubuhi, ukaona ni vema, ukatia stempu.

Ungeniibia nguo ningekusamehe, hata mchumba ningekusamehe, maana mwenyewe nilishamchoka. Hili ni jina langu kinywani mwa mama yangu. Ulifaidi nini kulificha? Ulitaka nidhani amenisahau? Nimeomba likizo. Nakuja kumchukua, akae na anayemtaka.

Kiroboto. Ndiyo, hivyo hivyo alivyosema.

Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako haina shikamoo. Nimeona.

Ndiyo, nilificha. Sasa kaa nikuambie nilichoficha, kisha uje na begi lako.

Akitaka maji, anasema Kiroboto. Akitaka choo, Kiroboto. Nikimvuta vibaya kwenye shuka akaumia, ananikemea: Kiroboto! Nikimwosha mgongo kwa maji ya vuguvugu akaona raha, anafumba macho anasema polepole, Kiroboto. Mimi ndiye namwosha, na wewe ndiye unashukuriwa. Nikitoka chumbani ananiita kwa jina lako, nami naitika. Unajua maana ya kuitika jina la mwenzio siku nzima? Naitika "abee, Mama". Nifanyeje, ninyamaze?

Sema Tena ananifariji. Anasema wagonjwa wengi hubakiwa na neno moja, linatoka kwa kila kitu, si kwamba wamelichagua. Limekwama tu, kama zipu. Kuna mzee anamtibu anayesema "godoro" kutwa nzima. Nimeelewa. Lakini mimi ni fundi, najua zipu hukwama pale ilipovutwa sana.

Na kuna jingine ambalo hata Sema Tena sijamwambia. Asubuhi ile, kabla hajaanguka, nilikuwa nampimia gauni la kijani. Amesimama mbele ya kioo, mimi nimepiga magoti nabana pindo, pini mdomoni. Akajitazama, akasema: "Kiroboto angeshika sindano yeye, ningekuwa nimeshavaa zamani." Sikumjibu, ningejibuje na pini mdomoni. Akaenda kuoga na huko ndiko nilikomkuta sakafuni.

Hiyo ndiyo sentensi nzima ya mwisho mama yangu aliyonipa. Hilo gauni liko nyuma ya mlango, na pini zake. Nahitaji neno moja juu ya hilo, Kiroboto. Moja tu. Si lazima liwe jina langu. Hata "wewe" ingenitosha, mradi liwe langu. Ukimchukua sasa atakaposema utakuwepo wewe, na mimi nitabaki na la gauni mpaka nakufa.

Kuna hoteli imeniita nikawashonee mapazia hukohuko kwao, kazi ya siku kumi. Nimekataa. Nilikuwa naogopa asije akasema nisipokuwepo. Sasa umejua yote. Wivu wako unaweza kuuita wivu? Njoo uone wa kwangu.

Dada yako

Jumamosi, 23 Machi

Dada yangu, shikamoo. Shikamoo na ile ya barua iliyopita.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Siji na begi la hasira tena, ila kuja nakuja, na wewe nenda kashone mapazia ya watu. Usiikatae kazi kwa ajili ya kulinda mdomo wa Mama kama askari wa zamu.

Nataka nikuambie Mama alivyokuwa akiongea na mimi kila Jumapili. Nikimpigia, ananiacha nimalize porojo zangu, kisha anasema: "Dada yako hasemi, anatenda. Wewe maneno matamu, mikono mitupu." Nikituma kitambaa cha kichwa: "Asante, dada yako amenishonea viwili." Nilipopata kazi hii nikampigia kwa furaha, unajua alisema nini? "Kuongea? Hiyo kazi au maradhi? Mwenzio ana ufundi." Kila Jumapili nilikuwa naweka simu chini nimekuchukia, Dada. Kukuchukia kabisa. Nilikuwa nakuona umekaa hapo kimya, mwema, na mkanda wako wa kupimia shingoni, unasifiwa.

Nawe kumbe ulikuwa umepiga magoti unasikia nikisifiwa mimi.

Mama alikuwa na sifa za kutosha watoto wake wote, ila kila mzigo aliupeleka anwani ya mwenziwe. Sijui alidhani sifa za mwenzio ni kiboko, tukichapwa nacho tutakimbia mbele. Mimi nilikimbia kweli, ndiyo maana naishi huku.

Nakuja tarehe mosi. Tuonane mlangoni tu, ukipenda bila kusema.

Kiroboto

Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba zote mbili.

Usinione mbaya kwamba niliondoka kabla hujafika. Niliona basi la alfajiri ni rahisi zaidi. Si kweli. Niliogopa kusimama pale akikuona. Ufunguo natumaini Mama Pacha alikupa; mwambie asante tena, na kwa ule unga wa wadudu pia.

Hapa wamenipa ukumbi mzima, meza ndefu, na kitambaa kizito cha rangi ya divai ambacho hata jasho la kidole kinalishika. Wasichana wa hotelini wananiita Fundi, wananiletea chai. Nashona vizuri. Kichwa hakipo. Naona uso wake ulivyofunguka ulipoingia. Jina limempata mwenyewe, si ndiyo? Atakuwa kanyoosha ule mkono mzima, nawe umelia, naye amelia, na mimi huku napiga mshono wa futi ishirini kwa ajili ya watu watakaofunga pazia walale. Niandikie ilivyokuwa. Usinifiche, nimeshakufundisha ubaya wake.

Hayo ya Jumapili uliyoniandikia nimeyafikiria sana. Sidhani unaongopa. Lakini sifa niliyopewa nisipokuwepo ni sawa na chakula alichokula mwingine, akaja kuniambia kilikuwa kitamu. Njaa yangu iko palepale.

Mgeuze kila baada ya muda. Mafuta ya mgongoni ni yale ya kopo la bluu.

Dada yako

Jumamosi, 6 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Nilifika, akanitazama, akasema "Kiroboto". Nililia, ndiyo, ulikisia sawasawa, nikamkumbatia mpaka mto ukaanguka. Siku ile nilikuwa malkia, sikufichi. Nilitamani ungekuwepo uone, kwa ubaya huohuo unaoufikiria.

Kesho yake akaangalia kijiko: Kiroboto. Akaangalia dirisha jua likimchoma: Kiroboto. Mama Pacha akaingia na uji, Mama akamtazama kwa upendo mkubwa akamwita Kiroboto. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Jina langu limekuwa la vijiko, Dada. Ulikuwa ukiniandikia ukweli na mimi nikadhani ni wivu unaokusemea. Hakuniita mimi hata siku moja. Sasa tuko sawa, hakuna wa kumwonea mwenzie wivu.

Lakini nina mengine ya kukuambia. Makopo yote umeyaandika. Mito umeishona kwa ukubwa wa mwili wake, wa mkono, wa goti, wa kisigino. Nesi wa zahanati alikuja, akamgeuza, akatafuta kidonda cha kulala mgongoni hakukiona hata kimoja, akaniuliza, "Nani anamlea huyu?" Nilimwambia. Nilisema kwa sauti.

Na jana, Dada, ndilo hasa ninalotaka kukuandikia. Nilikuwa nimemkalisha kuelekea mlango. Akaliangalia lile gauni la kijani muda mrefu. Kisha akasema, wazi kabisa, nami nilikuwepo: "Mwanangu mkubwa ana mikono mizuri, na mimi sikuwahi kumwambia."

Alisema hivyo. Kisha akalala. Leo amerudia neno lake lilelile, kwa hiyo usishangae ukimkuta hivyo. Lakini alilisema, ni lako, nilikuwepo.

Kiroboto

Jumanne, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako ilinikuta mezani. Nikaisoma, nikaketi kwenye kiti cha wageni ambacho hatukuruhusiwa kukikalia, nikalia juu ya pazia la watu. Lina doa sasa, nitaliweka upande wa ukutani.

Nilikaa na furaha ile mpaka chakula cha mchana. Kisha nikaanza kufikiri, na wewe unajua mimi nikifikiri. Sema Tena aliniambia kabla sijaondoka: neno jipya la Mama likija litakuja peke yake, limevunjika, pengine hatutalitambua. Wewe umeniletea sentensi yenye koma katikati. Na hata kabla ya kiharusi, akiwa mzima na ulimi wake wote, Mama lini alisema "sikuwahi kumwambia"? Mama kujilaumu? Mbele ya watoto?

Umemtungia.

Nilikasirika. Nilikasirika nikashona upande mmoja kinyume, nikafumua wote. Nilisema, huyu ananipa pole ya wateja wa umeme, amezoea. Nikataka nikuandikie hayo usiku uleule, nikalala nayo kama alivyotaka Baba. Asubuhi nikasoma barua yako tena, ile sehemu ya juu, ya mito na makopo na nesi. Nikaona nani aliyeitazama mikono yangu. Hakuwa Mama. Mama amekaa na mikono hii miaka yote. Wewe umekaa nayo siku tano, tena nisipokuwepo, ukaona goti lina mto wake.

Mimi nimemngoja Mama tangu nikiwa na meno ya utoto. Nitaendelea kumngoja, wala sijui kama atasema. Pengine hatasema, Kiroboto. Hilo nimelisema jana kwa sauti, peke yangu ukumbini, na sikufa.

Lakini usimwekee Mama maneno mdomoni tena, lake moja linamtosha kwa shida. Na usinisifu tena nikiwa mbali, tumeshaona hiyo dawa ilivyotufanya. Jumamosi nafika na basi la mchana. Simama mlangoni uyaseme wewe, yale ya mikono, yakiwa yako, na mimi nikiwa nakutazama. Wivu ninao bado, nitakuja nao pamoja na begi. Hata hivyo nataka kuyasikia.

Dada yako